Shahidi wa Bwana Killebrew

Verdell Pettway aliwasha oveni ya gesi, akauacha mlango wake wazi. Ndilo joto pekee walilokuwa nalo tangu wiki ya Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, mashine ya kupasha jengo joto ilipokufa na mwenye jengo akasema fundi yuko njiani. Fundi gani huyo, jamani, wa kutembea wiki tatu! Mjukuu wake Zipporah, mtoto wa miaka tisa, alikaa mbele ya oveni na koti lake la shule, kinyago cha mashine ya pumu usoni, anavuta dawa. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umeota kuvu nyeusi. Kila Jumatatu Verdell aliisugua kwa jiki, na kila Alhamisi ilikuwa imerudi.

Asubuhi hiyo mwenye jengo alikuja mwenyewe. Bwana Brant Killebrew alikuwa na miaka miwili tangu alinunue jengo hilo, na hakuwahi kuzipanda zile ngazi. Leo alibisha hodi akiwa na boksi la donati. Alimkuta Verdell na jirani yake Lucius, dereva mstaafu wa malori, ambaye alikuja kuota moto kwa sababu oveni yake yeye hata kuwaka haikuwaka.

"Bi Verdell," alisema Killebrew bila kuvua koti, "nataka kulibomoa jengo hili nijenge jipya. Nyumba mia moja na ishirini, za watu wa kipato cha chini. Wewe si wa kipato cha chini?"

"Kama mimi siye, basi hayupo."

"Sasa, siwezi kujenga bila jimbo kunipa mgao. Kila mwaka kila jimbo lina fungu lake la hatifungani zisizotozwa kodi. Nikikatiwa kipande, matajiri wananikopesha kwa riba ndogo, kwa kuwa faida yao haikatwi kodi. Lakini fungu ni moja na wanaoligombea ni wengi. Kuna mwenye jalala, kuna mwenye kiwanda cha vyuma. Na kamati inakaa Jumanne, kabla mwaka haujaisha."

"Mimi naingilia wapi hapo?"

"Kamati inatoa alama. Tena sheria inasema lazima wananchi wasikilizwe kwanza, ila haji mtu hata mmoja. Nikija na mpangaji, aseme kwa kinywa chake anavyoishi, tumeshinda."

Lucius alichukua donati, akaigeuzageuza. "Penye urembo ndipo penye urimbo," alisema.

"Nyamaza wewe, umekula ya tatu hiyo," alisema Verdell. Akamtazama Killebrew machoni. "Na mimi nitapata nyumba humo?"

"Wapangaji wa zamani watapewa kipaumbele. Nimekiandika mwenyewe kwenye maombi."

Verdell alikuwa mpishi wa shule, na zaidi ya miaka ishirini kanisani kwao alikuwa anasimama kutoa ushuhuda. Kwao mtu akisimama akasema kweli yake mbele ya watu, waliosikia wanabeba nusu ya mzigo. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hakuona kwa nini watu wa jimbo wawe tofauti. Aliomba ruhusa ya siku moja kazini, siku isiyolipwa, akamwacha Zipporah na Lucius.

Jumanne Killebrew alimpeleka mji mkuu kwa gari lake, kiti kina joto mpaka Verdell akaona haya kulifurahia. Ukumbi wa kamati ulikuwa na viti sitini vya wananchi. Vyote vitupu. Mbele walikaa wajumbe watano, na mwenyekiti, Bwana Stroud, alisoma tangazo kwa kasi ya mtu anayewahi chakula. "Mradi wa jalala, kuna mwananchi wa kusema? Hakuna. Usikilizaji umefungwa. Mradi wa kiwanda cha vyuma, kuna mwananchi? Hakuna. Usikilizaji umefungwa." Dakika moja na nusu, miradi miwili.

Alipofika kwa Killebrew alipunguza mwendo. "Hali ya jengo lililopo: mbaya sana. Joto hakuna tangu Novemba. Kuvu katika nyumba zote. Alama za uhitaji, ishirini kati ya ishirini." Killebrew aliinamisha kichwa kama mwanafunzi anayesomewa matokeo mazuri. "Kuna mwananchi wa kusema?"

Verdell alisimama. Alisema jinsi mtoto anavyoamka midomo imebadilika rangi. Alisema kuhusu oveni, na jinsi anavyolala jikoni sakafuni jicho moja wazi, akiogopa moto na akiogopa baridi. "Mimi siombi jumba la kifahari," alisema. "Naomba ukuta ambao mtoto anaweza kuuegemea. Mpeni huyu bwana anachotaka, ajenge." Mjumbe mmoja wa kike alitoa kitambaa akafuta macho. Hata Stroud alivua miwani.

"Wa kuunga mkono, mmoja," alisema. "Wa kupinga? Hakuna. Usikilizaji umefungwa. Tupumzike dakika kumi, kisha tupige kura."

Nje ya ukumbi, karani wa kamati alimfuata na karatasi. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Nadine, na uso wake ulikuwa bado umelowa. "Nataka kuhakikisha jina, mama. Umesema kama mama yangu mzazi." Aliandika, akasita. "Mmeshapata pa kuhamia?"

"Tunahamia humo humo, mwanangu. Jengo jipya."

Nadine alitazama kushoto na kulia. Akafungua maombi, ukurasa wa thelathini na moja. "Nyumba hizi ni za wanaopata asilimia sitini ya kipato cha kati cha wilaya."

"Si ndiyo sisi?"

"Wilaya yenu ina ule upande wa ziwani, mama. Mapato ya matajiri wa kule nayo yanahesabiwa, kiwango kinapanda. Wewe kazini unalipwa ngapi?"

Verdell alimtajia. Nadine aliweka kidole kwenye mstari wa kodi ya nyumba kwa mwezi. Kodi ilizidi mshahara wote wa Verdell. Mstari wa chini ulisema wapangaji wa sasa watakuwa wametoka ifikapo mwisho wa Februari.

Killebrew alikuwa dirishani na simu. Verdell alimwendea mbio, karatasi mkononi. "Bwana Killebrew, hii kodi nitailipa na nini?"

"Kipaumbele kipo, Bi Verdell. Wewe ndiye utakayeanza kuomba."

"Kuomba na kupata ni kitu kimoja?"

"Ukikidhi masharti."

"Ulijua sikidhi. Ulikaa jikoni kwangu, mtoto anavuta dawa, ukijua!"

"Masharti siyaweki mimi," alisema kwa upole, na kweli sauti yake ilikuwa na huruma. "Ni ya serikali. Lakini leo umefanya jambo kubwa kwa watu wengi."

"Watu gani?"

Kengele ililia. Killebrew akamshikia mlango wa ukumbi.

Verdell hakuketi. Alibaki amesimama kati ya vile viti vitupu, akauinua mkono.

"Bwana Mwenyekiti, naomba kusema."

"Usikilizaji umeshafungwa, mama."

"Nimekosea. Nataka kubadilisha nilichosema."

"Nakuelewa, lakini sheria inaruhusu maneno ya wananchi wakati wa usikilizaji tu. Yako tunayo tayari, neno kwa neno." Alimwambia hivyo kwa heshima zote. "Wanaokubali mradi huu upewe mgao?"

Wajumbe wakasema ndiyo, watano kwa pamoja.

"Aliyepinga hakuna. Mradi umepita." Kalamu ya Nadine ilikuwa imesimama, Stroud akamtazama, ikaendelea. Kisha yule mjumbe wa kitambaa aliomba neno. Alisema amekaa kwenye kamati hii miaka sita na hii ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu ambaye haya yote yanafanywa kwa ajili yake. Akapendekeza wampongeze.

Wajumbe walisimama, wakampigia makofi. Killebrew naye akapiga. Mpiga picha wa jimbo alichuchumaa mbele ya viti, akamwambia Verdell asishushe mkono, abaki hivyo hivyo, apate kuonekana anavyowapungia.