Lifti ya Irja

Mimi nilipiga kura ya hapana, na hilo naliweka wazi mapema kabla hajatokea mtu wa kunisingizia. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, ghorofa nne, iliyojengwa baada ya vita, wakati watu wa Tampere, hapa Finland, waliposhukuru kupata ukuta na maji ya bomba. Lifti haikuwa nayo. Uzuri pia haikuwa nao. Ilikuwa na mlango mkubwa wa mbele uliokwaruza sakafu kila ulipofunguliwa, na kila mkazi alikuwa na namna yake ya kuusukuma, hivyo hata ukiwa kitandani ulijua nani karudi na karudi na hasira gani. Chini kabisa, chini ya ardhi, ilikuwepo sauna yetu ya pamoja, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Kila familia ilikuwa na zamu yake kila wiki.

Zamu yangu ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Saa kumi na moja ilikuwa ya Aulis na mkewe Irja, waliokaa juu kabisa. Tangu nikiwa mke wa mtu mpaka nikawa mjane, nimepishana na wale wawili kwenye ngazi kila Jumamosi, mimi napanda uso umeniiva, wao wanashuka na ndoo na taulo, Irja mbele akiwa na fungu lake la matawi mabichi ya kujichapia mwili ndani ya mvuke.

"Raili, umetuachia mvuke au umeumaliza wote?" Irja alikuwa akiniuliza.

"Nimewaachia makombo. Wazee kama ninyi mtautakia nini moto mkali?"

"Wazee! Msikie huyu, na yeye ana umri mkubwa kuliko mawe ya sauna!"

Aulis alikuwa akicheka kwa pua. Basi, yakaisha mpaka Jumamosi nyingine. Hatukuwahi kulishana hata mara moja, sisi si watu wa kuingiliana majumbani. Lakini Jumamosi ambayo ningewakosa kwenye ngazi, ningepanda mpaka juu kugonga mlango.

Kisha mji ukaumuka kama unga uliotiwa hamira kupita kiasi. Tramu, ile treni ya barabarani, ikaletwa mpaka mbele ya dirisha langu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi; kwetu vyote viwili vilikuwepo, mpaka miti ikaisha wakabaki wajenzi. Nisiwe mnafiki lakini. Mjukuu wangu, aliyekuwa amekimbilia Helsinki kutafuta kazi, alirudi kwa sababu kazi sasa zilikuwa hapa. Hospitali ilipanuliwa. Mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa nikingoja basi kwenye theluji hadi kope zinagandana, sasa nilikuwa napanda tramu yenye joto na kufika sokoni kabla sijamaliza kumsema mtu kimoyomoyo.

Ardhi iliyo kando ya tramu ikawa dhahabu, nasi tulikuwa tumeikalia bila kujua. Mabomba yetu yalikuwa yameoza, na kuyabadilisha kungetufilisi. Ndipo Joonatan, kijana mwenye ndevu safi aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika wa nyumba yetu, akatuletea habari: kampuni moja ya ujenzi iko tayari kubomoa, kujenga mnara mahali pale, na kumpa kila mmoja wetu nyumba mpya bila malipo. Nyumba zitakazobaki watawauzia wageni wanaomiminika mjini. Sisi tukakae kwingine kwa miaka miwili, kisha turudi.

Sheria ilitaka karibu wote tukubali. Kura zilipohesabiwa, ikapungua moja. Aulis alikuwa bado hajapiga. Akasimama, yeye ambaye kwenye mikutano alikuwa akija kunywa kahawa tu.

"Irja alivunjika nyonga majira ya baridi," alisema. "Tangu siku hiyo hajashuka ngazi. Jumamosi naenda sauna peke yangu, yeye anakaa dirishani. Mimi nataka lifti."

Mdomo wangu hauna breki. "Lifti? Yaani unabomoa nyumba nzima kwa ajili ya lifti? Si uhamie hospitalini, kule zipo za kumwaga!"

Watu walicheka. Aulis hakucheka. Akanigeukia taratibu.

"Raili, wewe unakaa ghorofa ya chini," alisema.

Ilikuwa kweli. Akanyoosha mkono, nyumba ikaondoka.

Aulis na Irja walipangishiwa ghorofa ya kumi na moja kwenye jengo jipya, karibu na kituo cha mwisho cha tramu. Mimi nilipata chumba kwa mjane mwenzangu, mtaa uleule wa zamani, nikawa naangalia mitambo ikichimba shimo pale ilipokuwa nyumba yetu. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya furaha, lazima nikiri. Aulis, mtu ambaye simu aliiogopa kama daktari wa meno, alinipigia mwenyewe.

"Tumeshuka, Raili! Ametembea na kigongo chake mpaka kwenye tramu, tumekwenda sokoni. Amekula soseji nyeusi za damu mbili!"

"Mbili? Na wewe umemwachia?"

"Yangu pia kaila nusu."

Nilikata simu nikafuta macho. Kura yangu ya hapana niliiona ndogo sana siku ile.

Tatizo ni kwamba Irja alikuwa ameanza kusahau. Kwenye nyumba ya zamani halikuonekana sana, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikikumbuka badala ya kichwa: swichi iko hapa, chumvi iko pale, kulia ni choo. Kule ghorofa ya kumi na moja mikono ilipapasa ukuta mtupu. Akawa anauliza wenye nyumba watarudi lini. Akawa anakunja nguo na kuzipanga karibu na mlango, kama mgeni asiyetaka kuchosha wenyeji.

Na lifti ilikuwepo. Ngazi zetu za zamani zilikuwa zimemfunga Irja, hilo nakubali, lakini zilikuwa pia zikimlinda. Sasa ilikuwa ni kubonyeza kitufe tu. Lifti ilimshusha kwa upole, tramu ilikuwa inamngoja mlangoni, na tramu haina hata kidaraja kimoja cha kupanda. Aulis alisinzia kidogo kwenye kochi Jumamosi moja mchana, alipoamka mke hayupo. Hakuwepo, wala ndoo haikuwepo, wala taulo.

Alikuwa amekwenda nyumbani. Nilimkuta amesimama mbele ya uzio wa mabati uliozunguka shimo, kashika ndoo yake, anangoja afunguliwe.

"Raili," aliniambia kwa hasira ndogo, "zamu yetu imefika na mlango umefungwa. Bado hujatoka?"

Msimamizi wa ujenzi, Mwestonia mmoja kwa jina Urmas, alikuwa ametoka kwenye kibanda chao na kofia ngumu kichwani. Alimwangalia, akaiangalia ndoo, akaelewa. Mungu amjalie mtu yule.

"Bibi, mawe bado hayajapata moto," alimwambia. "Karibu ukae ndani kwanza, kuna kahawa."

Akampa kahawa na andazi la iliki, na Irja akakaa katikati ya wanaume wenye matope akiwauliza mmoja mmoja yeye ni mtoto wa nani. Aulis alifika akihema, koti hajafunga vifungo.

Haikuwa mara ya mwisho. Kila Jumamosi ambayo Aulis aligeuza shingo, Urmas alikuwa akinipigia simu: "Mama yenu amekuja tena." Binti yao, Outi, aliyeishi mbali kaskazini, alisema kwa simu kwamba mama apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi nilisema angalau mlango ufungwe kwa ufunguo.

"Nimfungie kama mbuzi?" Aulis aliniuliza. "Kura yangu ndiyo iliyomtoa kwao, halafu nimfungie? Nyumba ikiisha atatulia. Mtaa ni uleule, zamu nitaiomba ileile. Akirudi nyumbani atakuwa Irja. Subiri tu uone."

Nikasubiri, sote tukasubiri. Kila ghorofa ilipopanda Aulis alikuja kuitazama. Alikuwa anamwambia Irja, "Karibu tunarudi, mama," naye anajibu, "Vizuri, baba, maana hapa kwa watu nimechoka."

Jengo likaisha, na lilikuwa zuri, nisilisingizie. Dari nyeupe, joto sakafuni, mlango wa mbele wa kioo uliojifungua wenyewe bila sauti. Lifti ilikuwa ikikutajia ghorofa kwa sauti ya msichana mwenye adabu. Sauna sasa ilikuwa juu kabisa, na dirisha kubwa ambalo unaona ziwa lote hadi ng'ambo. Zamu ziligawiwa kwa simu, lakini Joonatan alitupa mimi saa kumi na wao saa kumi na moja kabla hajawafungulia wengine. Kijana yule nilimtukana sana siku za nyuma. Siku ile nilimpikia andazi.

Jumamosi ya kwanza nilioga haraka, nikabaki kwenye chumba cha kuvalia kuwasubiri. Wakaja, Irja mbele na matawi yake, Aulis nyuma na ndoo, amenyoa ndevu kama anakwenda kanisani. Kwenye lifti, nilisikia baadaye, Irja alikuwa amemwambia anakosea, sauna iko chini.

"Raili!" alisema aliponiona. "Umetuachia mvuke?"

Aulis alinitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu umejaa matumaini namna ile, na nilitamani nisiwe ninauangalia. "Makombo tu," nilijibu.

Waliingia. Nilisikia kata ikimwaga maji, mawe yakachachatika, nikamsikia Irja akivuta pumzi na kucheka. Walikaa humo muda mrefu. Walipotoka alikuwa anang'aa, nywele zimemganda shavuni, amekuwa msichana. Akakaa kwenye benchi, akajifunika taulo, akatuangalia sote wawili kwa heshima.

"Sauna nzuri sana," alisema. "Wenye nyumba hii wana bahati. Tuwashukuru. Haya, baba, sasa twende nyumbani."

"Tuko nyumbani, mama," Aulis alisema.

"Acha utani wako. Nimechoka, nataka kitanda changu."

Aulis alimvalisha soksi, akamvalisha viatu, akamfunga skafu mpaka puani kwa sababu nje kulikuwa na baridi kali. Wakashuka kwa lifti. Nami nikashuka kwangu, nikawaona kupitia dirisha la chumba changu kipya wakitoka mlango wa kioo, wakipita kituo cha tramu, wakizunguka jengo zima mkono kwa mkono, na kurudi mlangoni palepale. Nikashuka hadi ukumbini.

"Tumefika," Aulis alisema.

Kioo kilijifungua. Irja alisimama akakisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Siyo hapa. Mlango wetu unakwaruza."

Wakaenda kuzunguka tena. Na tena. Mwishowe miguu ilimchosha, akakubali kuingia kama msafiri anayekubali kulala popote. Ikawa ndiyo desturi yao, si Jumamosi tu, kila jioni. Watu wapya waliohamia kutoka kila pembe ya nchi walidhani ni wazee wanaopenda mazoezi. Mama mmoja kijana aliniambia inampendeza sana kuwaona. Nilimjibu vibaya, na sikuomba radhi.

Irja hakufia kwenye theluji, kama wengine mtakavyokuwa mmeshaanza kudhani. Alipata homa ya mapafu theluji ilipoanza kuyeyuka, akafia kitandani kwenye ile hospitali iliyopanuliwa, safi, mchana, manesi wawili wamemshika mikono na Aulis kwenye kiti. Mji mdogo usingempa hayo. Nalisema kwa sababu ni kweli, ingawa halinifariji.

Tulimzika. Outi alikaa kidogo, akarudi kaskazini. Jumamosi iliyofuata sikuitumia zamu yangu. Saa kumi na moja nilimwona Aulis akitoka peke yake, koti limefungwa vizuri, mkono mmoja umekunjwa ubavuni vilevile kama bado kuna mtu kaushika. Akapita kituo cha tramu, akazunguka jengo, akarudi, akasimama mbele ya kioo. Kikafunguka, kikajifunga, kikafunguka. Hakuingia.

Nikavaa koti juu ya gauni la nyumbani, nikamfuata.

"Ingia, Aulis. Utauharibu mlango wa watu."

"Wewe ulipiga kura ya hapana," alisema bila kunitazama.

"Nilipiga."

"Basi ulikuwa sahihi."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa miaka, na lilipokuja sikuwa na pa kuliweka. "Magoti yangu yanakataa," nilimwambia. "Yenyewe yanaipenda lifti."

Alicheka kwa pua, kidogo sana. Kisha uso ukamvunjika, mzee yule mwenye akili zake timamu, anayejua tarehe na mwaka na jina la kila jirani.

"Raili," alisema, "nataka kwenda nyumbani."

Nikamshika mkono, tukaenda kuzunguka tena.