Pikipiki ya Khatibu na Josho la Ijumaa

Kila asubuhi ya Ijumaa Mahdi huiogesha pikipiki yake kuukuu kwa maji ya kisima, tangu taa ya mbele hata tairi la nyuma, kana kwamba nayo imefaradhishiwa swala. Kisha huvaa kanzu, akatoka Mambrui kwenda Adu kuhutubu, na njiani pikipiki humzimikia. Ijumaa mbili mfululizo waumini wa Adu walimngoja hata wakakata tamaa, wakaswali adhuhuri. Sasa wametuma neno: akikosa na leo, watatafuta khatibu mwingine.

Faki, fundi aliyemwoza mtu huyu dada yake na angali akijilaumu, alichutama mbele ya injini. Waya wa plagi ulikuwa umezongwazongwa tepu, ukavimba kama kidole chenye jipu.

"Nani kaufunga hivi?"

"Mimi mwenyewe, shemeji. Nimeukaza barabara."

"Maiti hukafiniwa nguo tatu. Wewe waya umeuvika saba!"

Akaibandua tepu yote. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka kijani kwa chumvi ya kisima. Umeme ulipotelea hapo kabla ya kuifikia plagi.

"Haya ndiyo matunda ya josho lako."

"Naiendea ibada, shemeji. Niipande na matope yake?"

"Ipande na mavi ya punda, mradi ufike."

Faki aliikata ncha iliyooza hadi akakutana na shaba nyekundu, akaiskrubu katika kofia mpya ya plagi, akapaka grisi, akaivisha mpira mdomoni maji yasipate pa kupenya. Alifanya kazi safi, kwa kinyongo kitupu. Alipopiga kiki, injini iliitika papo hapo.

"Sasa nisikilize, Sheikh. Usiitie maji tena."

Mahdi alikuwa ameona alama nyeusi za vidole vya Faki juu ya tangi. Akachota kata moja ya maji, akaimwagia pikipiki na injini ingali ikinguruma. Faki akafumba macho na kuomba, Mola amsamehe, izime.

Haikuzima. Maji yalichuruzika juu ya ule mpira, na mlio haukubadilika hata kidogo.

"Umeona?" Mahdi alisema kwa ule upole wake wa mimbarini. "Maji hayakuwa na kosa. Ni ile tepu tu, haikuwa nzuri."

Akapanda, akaenda zake, kanzu ikipepea. Alifika mapema, na mimbari ikabaki yake. Faki alikuja kuhadithiwa kwamba hotuba ya siku ile ilihusu fadhila za kuoga.