Kikombe cha Daktari Suzhen

Bibi Geng alimleta mkazamwana wake, Qiuyan, zahanati asubuhi ya gulio, mabua ya vitunguu yakichungulia kapuni. Qiuyan akalaza mkono juu ya kimto cha kupimia mshipa, na Daktari Tao Suzhen akauwekea vidole vitatu. Mshipa uliteleza chini ya vidole kama kunde kwenye ungo. Mimba ilikuwepo, na mkono wa kulia ulipiga kwa nguvu zaidi, maana yake msichana.

Chumba cha pili, Daktari Lei, aliyesomea udaktari wa kizungu, akampima kwa mashine ya picha. Madaktari hao walitaniana kila siku lakini hawakupingana. Vitabu vya Suzhen vilisema mtu huanza kama tone la umande, kisha ua la pichi. Vya Lei vilisema ni chembe moja, kisha tabaka zinazojikunja.

“Dada, vidole vyako vitanikosesha wali,” Lei alisema, maana mashine yake ilionyesha hilohilo.

Kutaja jinsia ya mtoto kulikatazwa, na bango lilikuwa ukutani. Basi Suzhen alikuwa na kikombe chake cha chai: kikienda kushoto mvulana, kulia msichana. Mji mzima ulijua. Alikisogeza kulia. Bibi Geng akashukuru, akabeba kapu.

Wiki hiyohiyo Qiuyan alitolewa mimba. Kile kimto alicholazia mkono kikaendelea kupiga kama mshipa.

Suzhen alikipeleka kwa Lei, wakakipaka mafuta ya mashine ya picha, wakautazama moyo ndani yake.

“Anakua vizuri,” Lei akasema, akakifuta.

Kimto kingine hakikuwepo, hivyo kikarudi mezani. Wagonjwa walikisifu kwa joto lake, maana baridi ilikuwa kali. Baada ya miezi kadhaa kikaanza kurusha mateke.

Mwaka uliofuata Qiuyan alirudi na mimba nyingine na mama mkwe yuleyule. Alipolaza mkono, kimto kilitulia. Akakipapasa kwa kidole gumba. Suzhen akasikiliza mshipa. Kulia tena. Bibi Geng alikuwa amekikazia macho kikombe.

“Daktari,” Qiuyan akanong’ona, “leo usikiguse. Nakuomba.”

Suzhen alimwonea huruma, huruma ya kweli, ila aliisikia kwa mbali, kama jino lililopigwa ganzi. Mazoea yana tabu. Mkono wake ukakisogeza kikombe kulia.

Bibi Geng akashukuru, akabeba kapu.

Kabla ya gulio lililofuata kimto kilikuwa na mapigo mawili. Suzhen akakishonea foronya kubwa zaidi.