Namba ya Clovis Mgongoni mwa Mwajuma

“Tumuulize mwenye nyumba,” alisema mzee Alphonse, na watu wote waliokuwa barazani wakageuka kumtazama Idriss, aliyekuwa ameinamia cherehani yake akijifanya hasikii.

Alikuwa anasikia, sana tu. Alisikia mpaka suruali ya shule ya mtoto wa watu ikapata mshono uliopinda, yeye fundi ambaye mshono wake haujawahi kupinda. Mashabiki wa timu ya Nyati, tawi la komini ya Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, hukutana kwenye baraza ya Idriss kwa sababu moja tu: ana mabenchi mawili na bati la kivuli. Yeye mwenyewe mpira haumhusu. Siku ile walikuja na jambo zito. Timu moja ya Moroko ilimtaka Clovis, winga wao wa kushoto, yule aliyenunuliwa kwa bei iliyowafanya watu wakohoe, na rais wa klabu alikuwa ametuma neno kwa kila tawi: tumuuze, ama abaki? Kila tawi lilete jibu moja, si mawili.

Tawi la Kenya likagawanyika nusu kwa nusu. Alphonse, mwenyekiti, mstaafu wa reli, alisema mchezaji wa namna ile haji mara mbili katika maisha ya mtu, na kumuuza ni kung'oa jino zima ukaacha bovu. Kasonde, mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Mokambo mpakani, akamjibu kwamba huyo Clovis anakula mshahara wa timu nzima, halafu mpira ukipotea anasimama mikono kiunoni kama mwenye shamba. Wakabishana mpaka munkoyo, togwa ya huku, ukaisha kwenye ndoo. Mmoja alimkumbusha mwenzake jinsi alivyolia mbele ya watu timu ilipofungwa nyumbani. Mwenzake akamrukia, wakatenganishwa, wakakaa tena benchi moja, goti kwa goti.

Hapo ndipo Alphonse alipoikumbuka desturi. Tawi likigawanyika sawasawa, anaulizwa mwenye mahali wanapokaa, na neno lake ndilo linalofunga. Safari hii wana bahati, alisema, maana mwenye mahali hajawahi kukanyaga uwanjani.

“Papa Idriss haina na upande,” alisema. “Iko pale katikati. Njo muntu wa kutukatia maneno.”

Hana upande! Laiti wangejua. Katika komini nzima hapakuwa na mtu aliyetaka Clovis aondoke kama Idriss, na hakutaka aondoke kwa ajili ya mpira.

Ni hivi. Idriss ana mke, Mwajuma, na wameishi pamoja tangu zama ambazo Idriss alikuwa na nywele. Wote wawili wametoka katika familia za Waislamu wa Maniema, watu wa ufundi na biashara ndogondogo, watu wa staha. Binti yao, Imani, aliolewa Mitwaba, nyumba ikabaki na watu wawili na redio. Ndipo Mwajuma akaanza kwenda uwanjani na wanawake wenzake wa sokoni. Mwanzoni Idriss alisema afadhali, apate pa kupitishia wakati. Kisha akaja Clovis.

Tangu hapo Mwajuma alirudi kila Jumapili sauti imemkauka, vumbi mpaka kwenye kope, anacheka peke yake. Bukari, ugali wa huku, haijapoa alikwisha kupanga vyombo mkekani kumwonyesha mumewe mambo yalivyokuwa: bakuli la sombe, yaani kisamvu, ni beki, bakuli la samaki ni beki mwingine, na kikombe ndiye Clovis. Kikombe kinakuja, kinasita, kinapita katikati. Idriss alikaa na tonge mkononi akitazama sombe yake ikipigwa chenga.

Wivu hauna adabu, na hauulizi umri. Mwajuma alileta kalenda ya klabu akaitundika chumbani, kwenye msumari ule ule uliokuwa ukishika picha yao ya arusi. Picha ya arusi ikahamia juu ya kabati, ikalala chali. Clovis akawa anacheka meno yote nje, anatazama kitanda cha watu. Idriss alizoea kulala ubavu mmoja, amegeukia mlango.

Siku moja Clovis mwenyewe alikuja dukani kupunguza suruali. Mwajuma alimletea kiti, akaleta na chai ya tangawizi, ile ambayo Idriss huipata akiwa na homa. Idriss akapiga goti akampima mguu. Ulikuwa mguu tu, mwembamba, una kovu karibu na goti, na mwenye mguu alikuwa kijana mwenye mafua aliyemwita papa na kumshukuru kwa mikono miwili. Hilo nalo lilimuudhi. Angependa kijana awe na majivuno, ili amchukie kwa raha.

Halafu Mwajuma akaleta blauzi yake ya buluu, akataka ishonewe mgongoni kumi na moja ya manjano, namba ya Clovis. Idriss aliishona, na wala hakuikosea, maana kazi ni kazi, lakini kijiba cha roho kilimkaa kila sindano iliposhuka. Msimu ukaisha, mwingine ukaja, jua la uwanjani likaipiga blauzi ile mpaka buluu ikaanza kufifia, na Mwajuma hakuiacha.

Na kila Jumamosi, siku ya posho kama watu wa huku wanavyoiita tangu enzi za migodi kugawia wafanyakazi unga, Mwajuma alimuuliza swali lile lile: “Kesho tutaenda wote?” Idriss naye alijibu lile lile, kwamba kazi ni nyingi. Mara nyingine kazi ilikuwa nyingi kweli. Mara nyingine alikaa dukani kutwa nzima akipanga vifungo kwa rangi.

Basi watu walikuwa wanamsubiri. Idriss alikata uzi kwa meno, akasimama, utepe wa kupimia shingoni.

“Miye sijui mupira,” alisema. “Minajua kitambaa. Muntu ananunua kitambaa ya bei kali, anashona shati, kumbe inafunika bega moya tu. Ataita ile shati? Clovis akiwa na mupira, iko. Mupira ikipotea, haiko. Bakubwa balisema asiyekuwapo na lake halipo. Mumuuzishe.”

Watu walishusha macho. Hata Kasonde, aliyekuwa ameshinda, alitazama vidole vya miguu yake. Alphonse alikohoa, akasema neno limefungwa, akavaa kofia yake ya reli akaenda zake bila kuaga mtu. Idriss alirudi kwenye cherehani na moyo mwepesi sana, akashona mguu wa pili wa suruali ya shule nje-ndani, ikabidi aufumue wote.

Redio ilitangaza siku chache baadaye, Mwajuma akiwa uani anapepea makaa ya jiko la mbabula. Clovis ameuzwa, matawi yamesikilizwa, klabu inamtakia safari njema. Idriss alisimama mlangoni akimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Kipepeo mkononi mwake kikasimama. Kisha kikaanza tena, polepole. Mwajuma alisema tu kwamba makaa ya siku hizi hayashiki moto.

Jioni ile kila bakuli lilikaa mahali pake. Idriss alikula sombe yake kwa amani, hakuna kikombe cha kumpita, na akashangaa kuona haina ladha. Alimuuliza Mwajuma kama ametia chumvi. Ametia. Akaomba chumvi, akaongeza, ikawa chungu, akaila hivyo hivyo kwa sababu ndiye aliyeitaka. Alipoanza kumwambia habari za mteja aliyegombania kola, Mwajuma aliitikia mahali panapostahili kuitikiwa, kama anavyoitikia wageni.

Siri ya barazani hailali barazani, hasa Kasonde akiwemo. Jumamosi asubuhi Mwajuma alirudi kutoka sokoni, akapita moja kwa moja mpaka chumbani, akatoka na blauzi ya buluu imekunjwa vizuri. Akaja dukani akaiweka juu ya meza ya kukatia.

“Papa Imani,” alisema, “Kasonde anasema ni weye njo ulifunga neno.”

“Baliniuliza.”

“Na weye haukuonaka Clovis akicheza. Ata siku moya.”

Idriss alishika mkasi, akauweka chini. Alikuwa na maneno mengi: msumari wa picha, tangawizi, kikombe. Alikuwa ameyapanga kwa muda mrefu, lakini yalipofika mdomoni yalitoka yamekuwa moja.

“Ule mutoto alikuwa anakaa mu nyumba yangu kuliko miye,” alisema. “Ilikuwa inaniuma, Mama Imani. Nilikuwa na wivu.”

Mwajuma hakucheka, ingawa Idriss alikuwa amejiandaa kuchekwa. Alivuta kigoda cha wateja akakaa.

“Mbele ya Clovis kulikuwa Mwansa, winga wa zamani,” alisema. “Balimuuzisha, nikaenda tu. Nyuma ya Clovis kutakuwa mwingine, nitaenda. Bachezaji banapita. Lakini kila siku ya posho nilikuwa naulizaka muntu moya tu.”

Aliinuka, akagusa blauzi kwa kidole. Mashabiki wa Nyati wana desturi yao: mchezaji akiuzwa, namba yake inatolewa kwenye nguo, mtu asije akaonekana anamlilia mtu wa timu nyingine.

“Fumua,” alisema, akaenda kutwanga sombe.

Idriss alifumua. Alidhani atafurahi, kwa misimu miwili aliota kufumua namba ile. Lakini mshono ulikuwa wa mkono wake mwenyewe, mdogo, wa kubana, uliotiwa mara mbili ili usiachie hata watu wakisukumana, na ilimbidi autoe uzi kwa uzi kwa ncha ya wembe, jasho likimtiririka. Alipovuta kipande cha mwisho cha manjano alipiga yowe dogo. Chini ya kitambaa cha manjano, jua halikufika. Blauzi yote ilikuwa imepauka, ila pale palipokuwa na namba buluu ilibaki mbichi, imekolea, na kumi na moja ilionekana sasa kuliko ilivyoonekana siku ya kwanza.

Alimpelekea uani. Akasema atatafuta kitambaa cha buluu aibandike, ama atakwenda kwa watia rangi nguo waitie yote upya. Mwajuma aliinyoosha kwenye mwanga akaitazama muda mrefu.

“Acha vile,” alisema.

Jioni Idriss alifunga duka mapema, akanawa, akakaa mkekani. Alikuwa na jibu lake safari hii. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja: *twende basi, kwani kazi itakimbia?* Wakala. Mwajuma akatoa vyombo. Akarudi akajaza taa ya dharura, maana umeme unajulikana tabia yake, akafunga dirisha, akamtakia usiku mwema. Hakuuliza. Idriss alibaki amelikalia jibu lake.

Jumapili aliamka na tumaini la kijinga kwamba labda Mwajuma hatakwenda. Alikwenda. Idriss alikuwa dukani na pasi ya makaa mkononi, ananyoosha suti ya mtu wa kwaya, alipomwona mkewe anapita mbele ya mlango: kilemba cha manjano, kikwembe safi kiunoni, kandambili, na blauzi ya buluu. Hakutupa jicho ndani. Alipompa mgongo, kumi na moja ile isiyokuwapo ikaanza kwenda zake kwa mwendo wa barabara ya uwanja.

Pasi ilianza kunuka juu ya suti. Idriss akaiinua haraka, akatazama suti, akatazama barabara. Namba ilikuwa imefika kwa wauza simu. Akamwaga makaa yote kwenye ndoo ya maji, moshi ukamjaa usoni, akafunga mlango nusu, akarudi akaufunga vizuri, akatoka.

Njiani watu walikuwa wengi, wamejaa buluu na manjano, na mabasi madogo yalipiga honi katikati yao bila faida. Idriss hakujua mlango wa kuingilia ni upi wala tikiti inakatiwa wapi. Alijua kitu kimoja, akakifuata. Kikipotea nyuma ya mwavuli, alisimama kwa ncha za vidole. Kikitokea tena, aliongeza hatua. Kasonde alimwona, akamshika mkono, akamuuliza kwa mshangao anakwenda wapi Jumapili hii. Idriss alijibu kwamba anampelekea mteja suruali. Kasonde akatazama mikono yake mitupu, na utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza.

Walinzi wa mlangoni walikuwa wameanza kuonekana, na ngoma za tawi zilisikika ndani. Kama Mwajuma angeingia kabla yake, Idriss angebaki nje na maelfu ya watu, hajui hata pa kusimama. Alitaka kumwita. Lakini jina la mke haliitwi hivyo barabarani mbele ya watu, na kina Mama Imani wako wengi; akazidi kupenya katikati ya watu.

Mwajuma alikuwa amefika ukingoni mwa barabara. Hakugeuka. Wenzake wa sokoni walimpita, mmoja akamvuta mkono, akawaambia watangulie. Kisha akasogea pembeni, akaweka kibeti chake chini, akainama taratibu, akashughulika na miguu yake, kama mtu ambaye kamba za viatu zimemfunguka.

Alikuwa amevaa kandambili.