Futa Diski Yote

Kaka yake alipompigia simu kumwomba aje amwekee "ule mfumo wenu wa kompyuta wa bure", Fundi alidhani amesikia vibaya. Kwa miaka kumi kaka huyu hakuacha kumcheka. Kwenye kila shughuli ya familia alimtambulisha kwa wageni hivi: "Huyu mdogo wangu anajua kuweka mambo ya bure na kuwatoza watu." Watu walicheka, na Fundi akacheka nao huku roho ikimuuma. Leo kaka anautaka mfumo ule ule, tena anauomba kwa upole.

"Kompyuta ya nyumbani imechoka, mdogo wangu. Inajikokota kama mgonjwa. Nataka wifi yako aanze kuhariri video za wateja wake wa ushonaji, na hayo mambo unayeyajua ni wewe. Ifute yote, anza upya."

Kompyuta yenyewe Fundi aliifahamu. Ndiyo aliyoitumia marehemu mama yao mwaka wake wa mwisho, alipokuwa akiishi kwa kaka. Mama alikuwa mwalimu wa kwaya, na miguu ilipomgomea alijikalia pale na maikrofoni, akijirekodi akiimba nyimbo za zamani zisije zikapotea. Fundi hakuwa ameikanyaga nyumba ile tangu msiba, miezi minane sasa. Na kwa wiki sita kabla ya msiba hakumwona mama hata mara moja. Simu ya mama ilikaa mkononi mwa kaka, na kila alipopiga, kaka ndiye aliyejibu: "Amesema hataki wageni. Hata wewe. Mwache apumzike." Fundi akaamini kwamba mama ameondoka na kinyongo naye. Kosa lake hakulijua, na wa kumuuliza hakuwepo tena.

Jumamosi asubuhi alifika na mkoba wake begani. Kaka alimpokea mlangoni, akamtolea kiti kizuri, akamwekea chai mwenyewe. Hilo halikuwa limewahi kutokea.

"Nilikuwa nakudharau bure," kaka alisema. "Mwenye akili kwetu ni wewe."

Fundi aliinamia kompyuta ili asionekane anavyotabasamu. Alichomeka flashi, akaiwasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo kwanza, bila kugusa kitu ndani. Mfumo aliouleta ni wa programu huria, umetengenezwa kwa ajili ya watu wa sauti na picha. Ukishauweka, vifaa vya kurekodia, vya kuchanganyia sauti na vya kukatia video unavikuta humo humo. Alijaribu spika, zikaitika. Alijaribu maikrofoni ya mama iliyokuwa bado juu ya meza, nayo ikaitika.

"Vitu vyenu mmeshavinakili?"

"Vyote." Kaka alimkabidhi diski ndogo ya nje. "Nimekesha navyo siku mbili."

"Na sauti za mama?"

"Zimo. Wewe futa tu."

Kwa mteja mwingine yeyote, Fundi angeifungua diski ile akakagua folda moja baada ya nyingine. Ndiyo ilikuwa sheria yake, na ilishamwokoa mara nyingi. Lakini huyu ni kaka yake wa tumbo moja, aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Angemkaguaje kama mwizi? Kwenye skrini palitokea swali: uweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani, au ufute diski yote? Akachagua kufuta yote. Mashine ikamwuliza tena kama ana hakika. Kaka alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani kwake. Akabonyeza.

Kaka aliusubiri mstari unaoonyesha kazi ilipofikia ufike nusu, kisha akasema ana mtu wa kuonana naye, akatoka.

Kazi ilikwenda vizuri. Mfumo ulipokaa, Fundi alipanga lugha na saa, akarekebisha sauti isichelewe wakati wa kurekodi, akajaribu video tatu za aina tofauti, zote zikacheza. Kisha akachomeka diski ya nje ili arudishe vitu vya watu. Picha za harusi zilikuwepo. Video za nguo za wifi zilikuwepo. Folda ya mama ilikuwepo pia, ndani yake nyimbo nne.

Wifi yake aliingia na nguo mkononi akiwa bado anapindia ukingo. "Nyimbo nne tu? Na zile alizokurekodia wewe ziko wapi?"

"Zipi, wifi?"

"Zipi tena? Za kila alasiri. Mama alifunga mlango, anaongea na maikrofoni kama anaongea na mtu. Nilipita nikasikia anakuita. Alisema amewawekea nyote wawili maneno yenu. Mume wangu aliniambia alikuletea kwako mara baada ya msiba."

Mikono ya Fundi ilifanya kazi kabla ya akili: aling'oa waya wa umeme ukutani, mashine ikazimika kwa kishindo kidogo, kwa sababu kila dakika inayowaka inaweza kuandika kitu kipya juu ya kilichofutwa. Wifi alishtuka, akaweka nguo chini.

"Nini?"

"Hajanipa kitu. Nimezifuta mimi. Sasa hivi, kwa kidole changu."

Aliiwasha tena kutoka kwenye flashi, akafungua programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa, akaiacha ichimbe diski kipande kwa kipande. Kilichopatikana aliamuru kiende kwenye diski yake mwenyewe. Wifi alivuta kiti akakaa. Walikaa hivyo hadi alasiri. Yalitoka mamia ya takataka, picha zilizokatika, vipande vya sauti vya mikwaruzo mitupu. Fundi alivisikiliza kimoja kimoja.

Kisha kikatoka kipande cha sekunde arobaini, na sauti ikajaa chumba.

"...mbona huji, mwanangu? Kaka yako anasema umebanwa na kazi, kila siku kazi. Sikulaumu. Lakini nataka kuja kukaa kwako, nimemwambia akwambie, sijui kama amekwambia. Kile chumba chako kinachopata jua asubuhi..."

Hapo sauti ikakatika.

Wifi alijifunika mdomo. Fundi alikirudia kipande kile mara ya pili, na alipokuwa akikirudia mara ya tatu, kaka akaingia akakuta sauti ya mama imeshika nyumba nzima. Akasimama palepale mlangoni, funguo mkononi.

"Ulimwambia nina kazi," Fundi alisema. "Mimi ukaniambia hanitaki."

"Mdogo wangu, ngoja nikueleze."

"Alikutuma kwangu. Hukusema."

"Angekuja kwako asingerudi!" Sauti ya kaka ilipanda, kisha ikashuka. "Watu wangesema mtoto mkubwa ameshindwa kumtunza mama. Alipokuwa hapa alikutaja wewe tu, asubuhi wewe, jioni wewe. Nikasema, angalau afie mikononi mwangu. Baada ya msiba nikasikiliza moja ya zile sauti, hiyo hiyo. Sikuweza kusikiliza nyingine. Na sikuweza kuzifuta."

"Kwa hiyo ukaniita mimi nizifute."

Kaka alizitazama funguo mkononi mwake.

"Chai ile," Fundi alisema polepole. "Na mimi ndiye mwenye akili kwetu. Ulinivika kilemba cha ukoka, kaka, na mimi nikakivaa nikafurahi."

Alifungua mashine kwa bisibisi, akaitoa diski, akaitia mkobani. Kaka alinyoosha mkono kumzuia. Wifi akamwambia mumewe, bila kupandisha sauti, "Mwache apite." Akapita.

Ilimchukua wiki tatu kwenye chumba chake cha kazi. Alitumia kila programu aliyoijua, akaomba msaada kwa mafundi wenzake wa nchi za mbali asiowahi kuwaona, nao wakamsaidia kwa moyo. Mwisho alipata dakika kumi na moja za sauti ya mama. Mfumo mpya ulikuwa umeshakaa juu ya mengine yote.

Kaka alikuja siku ya ishirini na mbili. Alikuwa amekonda. Hakuomba msamaha vizuri. Aliomba nusunusu, akiangalia nyaya zilizoning'inia ukutani. Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Mke wangu anasema mama alituwekea sote wawili. Yangu umeyapata?"

Fundi alimwangalia. Angeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa huruma. Lakini alishachoka na maneno ya mama kubadilishwa njiani.

"Hapana," alisema. "Nimezipitia zote. Jina lako halimo kwenye kilichobaki."

Kaka alisimama kitambo, akaangalia mlango, akakaa. Fundi hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Aligeukia mezani, akavaa spika za masikioni, akaendelea na kazi ya mteja.