Lengo la Fundi

Jina la Chiriku alipewa na wenzake wa chuo, na wala hawakumwonea. Binti alikuwa na mdomo, acha tu. Alipopangiwa mafunzo ya vitendo, kuwatembelea watu wenye ulemavu majumbani na kuwasaidia kutunza afya zao, aliona kazi imempata mwenyewe.

Mteja wake wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye kiti cha magurudumu na presha ya kupanda. Aliishi na dada yake mkubwa, ambaye alimsukuma, alimpikia na, mgeni akija, alimjibia. Chiriku naye akaingia mkenge. "Mama mkubwa, anakula nini? Usingizi anapata?" Dada akajibu, yeye akaandika, kurasa tatu nzima. Akiaga, akampa Fundi karatasi ya mazoezi, ileile wanayopewa wote: tembea nusu saa kila siku.

Fundi akaisoma mpaka mwisho. "Asante, mwanangu. Nianze na mguu gani?"

Jamani, aibu. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Chuoni mambo yakazidi kuharibika. Fomu ilikuwa na mstari mmoja uliobeba kila kitu: lengo la mteja, kwa maneno yake mwenyewe. Msimamizi wake, muuguzi mstaafu asiyejua masihara, alisoma "apunguze kilo tano" akaweka kalamu chini.

"Maneno ya nani haya?"

"Ya dada yake."

"Ijumaa nakuja huko. Nikikuta lengo la dada, utarudia mafunzo mwakani."

Jumatatu Chiriku akarudi, roho mkononi. Akavuta kigoda karibu na cherehani. "Mama, juzi nilikukosea. Nilimwuliza dada, wewe nikakuacha. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Kisha akafunga mdomo, na kwake yeye hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba gunia. Dada akadakia, "Anataka apungue..."

"Samahani, mama mkubwa, naomba nimsikie yeye."

Fundi alishona pindo lote la sketi. Akakata uzi. Akageuza sketi, akaikagua. Chiriku alikuwa anajiuma ulimi.

"Nataka kumwona daktari peke yangu," Fundi alisema mwishowe. "Kila mwezi dada yuko mbele, daktari anamwuliza yeye. Presha ni yangu, majibu anapewa yeye."

Dada alinuna, akaenda jikoni, na hasira zote akazimalizia kwenye masufuria. Chiriku alikuwa na ushauri kama kumi hivi. Akaumeza wote, akauliza tu njiani kwenda kliniki kuna nini cha kumzuia. Kumbe mwenzake alishapiga hesabu zamani. Mtaro mmoja tu, na muuza dawa wa pale ana ubao wa kuvukia, ukimwomba anakuwekea.

Ijumaa msimamizi akafika saa nne kamili. Kiti hakipo, Fundi hayupo, na dada anazunguka uani mikono kichwani. "Nimeamka sijamkuta. Akitumbukia mtaroni je?"

Msimamizi akamgeukia Chiriku. "Mteja wako yuko wapi?"

Chiriku akakimbilia langoni, akachungulia njia nzima, hakumwona. Habari ya kurudia mafunzo alishaisahau. Aliogopa kwamba yule mama ameanguka mahali, na chanzo ni yeye. Walikaa hivyo nusu saa, hakuna aliyegusa chai.

Lango likasukumwa. Fundi huyo, jasho linamtiririka, viganja vyeusi kwa vumbi la magurudumu, daftari la kliniki mapajani, anacheka.

"Daktari kaniuliza dada yuko wapi. Nikamwambia mgonjwa ni mimi, niulize mimi. Tumeongea mpaka foleni ikaanza kunung'unika." Akaomba fomu, akaandika mwenyewe kwenye ule mstari: Kumwona daktari peke yangu. Chini yake akaongeza: Nimemwona.

Msimamizi alitia sahihi, tabasamu likamponyoka.

Dada alikuwa amekaa kizingitini, analia. "Basi mimi sina kazi tena humu."

Akajifuta machozi, akawaza kidogo.

"Yaani siku zako za kliniki mimi niko huru? Miaka tisa sijakaa kwa msusi nikamaliza kichwa kizima."

"Nenda hata sasa," Fundi alimwambia. "Nani amekushika?"

Dada akainuka, akaingia ndani kutafuta kitana.