Misumari kwa Risiti

Mimi sina subira, nasema mapema ili mtu asije akanilaumu. Chuma kikichelewa kushika moto nakitukana. Jumatatu ile baba yangu alipoingia karakanani kwangu, akakaa kwenye gogo akihema, nikajua tu hakuja kunisalimia.

"Ardith," akasema, "wanang'oa reli."

"Nimesikia, Baba. Harlow Fork nzima imesikia."

"Nataka unitengenezee chuma cha kushikilia pale kwenye ngazi za baraza. Miguu imeanza kunigomea. Utumie misumari ya reli, ya mstari wetu huu huu, siyo ile wanayouza mtandaoni. Tena uipate kihalali. Nataka karatasi."

Nyundo nusura inidondokee mguuni. Mwaka wa ishirini na sita huu nafua chuma: kulabu, makomeo, koleo za jikoni, visu. Kila mhunzi wa milima hii ya West Virginia anatengeneza visu vya misumari ya reli, watalii wanavigombania. Mimi sijagusa hata msumari mmoja. Watu wakiniuliza nawaambia chuma chake ni laini, hakishiki makali. Ni kweli, lakini sababu yangu si hiyo.

Sababu yangu ni hii. Nilipokuwa na miaka tisa niliokota misumari kando ya reli, ile mizee waliyoing'oa wakaiacha kwenye kokoto. Nikaijaza ndoo ya kubebea makaa, nikaificha chini ya baraza letu. Nilitaka kuwajengea zizi farasi wangu wa mbao, basi. Baba alikuwa na mwaka wa kumi na moja kwenye gengi la kutengeneza reli. Ijumaa moja wakaja askari wa reli wawili kutafuta vyuma vilivyopotea stoo, wakaiburuta ile ndoo nje mbele ya majirani. Wakauliza ni ya nani. Baba akaitazama, akasema, "Imetoka chini ya baraza langu, basi ni yangu." Wakaandika, akasaini, na Jumatatu hakuwa na kazi. Akaenda kupasua mbao, msumeno ukamkata vidole viwili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa wavu, sikufungua mdomo. Sasa ni miaka arobaini na sita sijaufungua.

Baba hakupenda kuizungumzia ile ndoo. Ila mara moja moja, tukisimama kwenye kivuko kungoja treni ya makaa ipite, alikuwa akisema, "Aliyeiweka anajijua." Nikajiaminisha kwamba anamshuku mwenzake wa gengi, mtu mwenye kijicho. Nilikuwa namwomba Mungu aendelee kushuku hivyo, halafu najichukia kwa kuomba kitu kama hicho.

Na sasa daktari ametuambia moyo wa Baba umechoka, tusipange mambo ya mwakani. Nilitakiwa kumwambia pale pale, yeye kwenye gogo, mimi na nyundo. Badala yake nikasema, "Karatasi nitaipata."

Jumanne nikaipigia simu kampuni ya reli. Nikachezewa muziki, nikapelekwa idara hii, nikarushwa idara ile, nikachezewa muziki tena. Mwisho nikampata kijana mmoja mpole.

"Usiikanyage reli, mama," akaniambia, "hata kama unaona imetelekezwa. Na msumari ukiwa umelala tu chini, bado una mwenyewe. Kuuchukua ni wizi."

"Wewe, hilo unanifundisha mimi?" nikafoka. "Kwani nakupigia simu kwa nini?"

Akaniahidi barua. Nikazunguka karakanani kama kuku anayetaka kutaga. Jumanne jioni nikaenda kwa Baba, tukala maharage na mkate wa mahindi, nikaufungua mdomo nikaujaza mkate. Jumatano hivyo hivyo. Akaniuliza mbona nakula kama nafukuzwa, nikamwambia nina njaa. Kumbe hata usingizi ulikuwa umenihama. Nililala nikihesabu umbali wa ile mashine ya kung'oa reli. Ilikuwa imeshapita daraja la juu, inashuka na mto kuja kwetu, na nyuma yake kreni yenye sumaku inafagia kila kitu.

Alhamisi barua ikaja, na nembo juu: kampuni haina pingamizi Bi Ardith Tackett achukue ndoo moja ya misumari. Nikaibusu. Yaani niliibusu kweli, mbele ya mtu wa posta.

Ijumaa asubuhi nikawasha pikapu. Nilipanga kwenda peke yangu, lakini nikamkuta Baba amesimama mlangoni, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Baba, kuna baridi."

"Ndiyo maana nimevaa koti."

Utabishana na mtu wa namna hiyo? Twende.

Wang'oa reli tuliwakuta kwenye kona ya kinu cha zamani. Mnyapara wao aliitwa Dorsey Mullins, bonge la mtu mwenye ndevu nyekundu, anatafuna mkate wenye soseji kali ya pepperoni ndani. Akafuta mkono kwenye suruali, akaisoma barua yangu mara mbili, akaanza kucheka.

"Dada, kampuni haina pingamizi? Hata mimi sina pingamizi uchukue ng'ombe wa jirani yangu! Hawa walituuzia mstari mzima tangu mwezi wa nne. Reli, mataruma, misumari, kila kitu. Barua yao hii kafungie vitumbua."

"Siku tatu!" nikapiga kelele. "Siku tatu nasikiliza muziki wao wa kijinga, kumbe wananipa kitu si chao? Na wewe unacheka? Hukuweza kuweka hata kibao kusema ni mali ya nani?"

"Kibao kipo."

Kilikuwepo. Nilikuwa nimeegesha mbele yake. Nikamsikia Baba anacheka ndani ya pikapu mpaka akakohoa.

Dorsey akanionea huruma, au alimwonea huruma yule mzee anayekohoa. "Lori la mwisho linaondoka saa sita, mzigo wote unakwenda tanuruni. Ukitaka ndoo moja nitakuuzia. Lakini utavaa kofia ngumu, hutavuka utepe ule, vijana wangu watakumwagia hapa uchague. Halafu naandika risiti kwa jina na leseni ya udereva. Chuma chakavu siku hizi sitoi hata msumari mmoja bila jina, watanifunga."

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," Baba akasema. Alikuwa ameshashuka.

Wakatumwagia rundo kwenye turubai. Nikapiga magoti. Ilikuwa saa tano na robo. Baba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akawa ananielekeza kwa fimbo.

"Tupa huo, shingo imeliwa na reli. Ukiupinda utakatika. Huo nao tupa. Huo chukua. Wewe mhunzi gani?"

"Mhunzi wa visu, Baba. Hii kazi yako."

"Ilikuwa yangu," akasema, bila hasira yoyote.

Neno hilo likanichoma. Sasa, nikajiambia, sema sasa, hakuna mtu karibu, mwaka ujao utamwambia nani?

"Baba," nikasema.

"Mm?"

Nikainua msumari mmoja. "Huu je?"

"Mzuri."

Loo! Nilitamani kujizaba kofi. Nikachagua misumari yangu huku nikijitukana kimoyomoyo kwa matusi ambayo sijawahi kukitukana chuma chochote. Ndoo ikajaa. Dorsey akaja na mizani yake, akapima, nikampa hela yake, akatoa kitabu cha risiti na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Jina?"

Hapo nilikuwa nimeshajiandaa tangu Jumatatu. Nilifikiri, nikishindwa kusema, basi angalau jina lake liandikwe safi kwenye karatasi ya misumari, apate kuiweka mfukoni. Ilikuwa njia ya mwoga, nalijua hilo, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

"Andika Verlin Tackett," nikasema.

Fimbo ya Baba ikagonga kitabu. "Usiandike hivyo, bwana. Mimi ndoo yangu nilishaisaini. Hii ni ya Ardith."

Dorsey akanitazama, akamtazama yeye, kalamu iko hewani. Nikamgeukia Baba.

"Ulijua?" Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Ulikuwa na kutu mpaka masikioni, mwanangu. Nguo nzima kutu. Nilikuogesha mimi usiku ule, mama yako alikuwa analia."

"Na hukusema! Miaka yote hii, Baba! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akavuta pumzi, ikachukua muda. "Nikaona utanichelewesha mpaka kaburini. Mimi muda huo sina tena."

Basi nikalia. Sikulia kistaarabu, nililia na makamasi, mbele ya mnyapara na vijana wake na kreni yao. Dorsey akaanza kusoma kibao chake mwenyewe kana kwamba hajakiona kabla.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Niliiokota mimi, nikaificha mimi, na nilikuwa nyuma ya mlango ukisaini. Nilikuona. Nisamehe."

"Haya," akasema, na akanishika bega kwa ule mkono wenye vidole vitatu. "Sasa saini. Mwenzio ana lori linangoja."

Nikachukua kalamu nikasaini. Dorsey akaitazama risiti, akakuna ndevu, akasema kwa upole kwamba jina halisomeki, niandike tena.